Mkoba Uliokataliwa Mtandaoni

Ukitaka kuniona nimekasirika kweli, nifungie akaunti. Mume wangu alidhani anazijua hasira zangu, kwa sababu ameshanishuhudia nikigombana na fundi bomba, na mwenye duka aliyeniuzia sukari yenye mchanga, na mchungaji wa mbuzi waliokula mchicha wangu wote. Hakuwa anajua kitu. Alizijua jioni ile tukiwa mezani nyumbani kwetu, mtaa wa Picha ya Ndege, Kibaha, niliposoma ujumbe kutoka kwa watu wa malipo ya mtandaoni, nikaacha ugali upoe, nikaanza kuisema simu.

"Biashara haramu! Mimi? Mimi na shangazi yangu tunafanya biashara haramu!"

"Wamesema haramu?" mume wangu akauliza, macho yake hayajatoka kwenye samaki.

"Wamesema 'aina ya biashara isiyoruhusiwa.' Tofauti iko wapi?"

"Ipo," akasema. "Haramu ni ya Mungu. Hiyo nyingine ni ya kampuni."

Nikamnyang'anya bakuli la mchuzi. Nilifanya hivyo, sikatai, na ningelifanya tena.

Lakini nimeanzia katikati. Nirudi kwa shangazi.

Shangazi yangu, dada yake baba, anakaa Kisarawe kwenye nyumba ya baba yao, na ni somo. Kwa asiyejua, somo ndiye anayemfunda mwanamke anayekaribia kuolewa. Anamweka ndani, anamsinga liwa, ule mti wenye harufu unaosagwa na kupakwa mwilini, anamfukiza udi, anamfundisha kuishi na mume na kuishi na mama wa mume, na shangazi husema hilo la pili ndilo lenye kazi. Anaowafunda ni watu wazima, wana ajira zao na vitambulisho vyao, wengine wana madeni ya benki kabisa. Vifaa vyake vyote hukaa kwenye mkoba wa ukindu uliosukwa na shangazi wa shangazi yake: udi, ubani, liwa, shanga, mizizi ya kuchemsha, kisu kidogo cha kukatia udi, na mwana hiti, yule mwanasesere wa mti ambaye Wazaramo tumemchonga tangu zamani, kichwa kimegawanywa nywele mafungu mawili. Mkoba haumtoki. Hata akijinyoosha mchana kwenye mkeka, mkono mmoja unakuwa juu ya mkoba.

Sasa, mkoba huu kwetu hushuka kutoka kwa shangazi kwenda kwa binti wa kaka yake. Shangazi ana kaka mmoja, ambaye ni baba yangu. Baba yangu ana binti mmoja. Mnaona wenyewe nilivyokaa vibaya.

Sikuutaka. Mimi ni mtu wa masijala. Kazi yangu, hapa Kibaha, ni kupokea majalada, kuyapa namba, na kuwarudisha watu waliosahau muhuri. Sina subira ya kumsinga mtu liwa asubuhi mpaka adhuhuri. Mwanamke akiniambia mumewe amenuna, ushauri wangu ni mmoja: anune zaidi yake. Somo gani huyo? Lakini shangazi alikuwa na hofu moja tu duniani, na alinitajia kila nilipokwenda kumwamkia.

"Nikifa mkoba hauna mwenyewe, unazikwa," alikuwa anasema. "Shangazi yake shangazi yangu aliubeba. Leo uje uishie kwangu, kisa mtu yuko bize na mafaili?"

"Shangazi, Mungu akupe umri."

"Umri ananipa. Mrithi je?"

Bahati yangu ni kwamba hakuweza kunilazimisha. Mkoba wa kwetu haupewi mtu mkononi kama zawadi. Anayeupokea anausema mwenyewe, kwa kinywa chake, mkoba ukiwa wazi, mbele ya mwanamke asiye wa ukoo: mkoba ni wangu. Akishasema, imekwisha, hakuna kurudi. Asiposema, hata umvalishe shingoni si wake. Kwa hiyo mimi nilijilinda. Nikifika Kisarawe nikakuta mkoba uko wazi na jirani amekaa barazani, nilikuwa nafunga mdomo wangu kabisa. Nikiulizwa jambo naitikia kwa kichwa. Majirani wakadhani nina tatizo la meno.

Mambo yaliharibika magoti ya shangazi yalipoanza kumsumbua. Hakuweza tena kuzunguka kwa watu, na watu wenyewe wa kufundwa walipungua. Mabinti wa siku hizi wanafanyiwa kicheni pati ukumbini, na mshereheshaji, na keki, wanapewa majiko ya gesi, na anayetoa nasaha ni rafiki yao aliyeachika. Waliobaki kumtafuta shangazi ni wale walioolewa mbali: Muscat, Ulaya, huko. Hao walikuwa wanampigia simu wakilia. Wanataka udi wake, wanataka shanga, wanataka nasaha kwa saa nzima, na wanataka kulipa lakini njia ya kulipa hawaioni.

Siku moja shangazi akaniambia, kwa sauti ya kawaida tu, ile anayoagizia chumvi: "Nisipopata kazi mwaka huu naufunga. Nikiufunga utaamua. Uuseme au tuuzike."

Nilirudi Kibaha sina raha. Kuupokea siwezi, na kuuzika... jamani, ule ukindu ufukiwe udongo? Nikaona dawa ni moja: shangazi apate kazi nyingi. Akiwa na kazi, mkoba uko wazi, yeye ana furaha, na mimi niko salama masijala kwangu. Mwenzangu mmoja wa ofisini ndiye aliyenielekeza kwa hiyo kampuni ya malipo. Unafungua akaunti, unapata kiungo, mteja aliyeko Ulaya anabonyeza, analipa kwa kadi, pesa inakuja. Akasema ni rahisi kama kunywa maji.

Jumamosi nikaenda Kisarawe tuijaze pamoja. Nikamkuta shangazi uani, mkeka umetandikwa, mkoba uko wazi, lakini hakuna jirani, kwa hiyo nikawa huru kuongea.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Haya, hao watu wanataka nini?"

"Kwanza tusome wasichotaka."

Maana walikuwa na orodha, ndefu, ya biashara zilizokatazwa moja kwa moja na nyingine zilizoruhusiwa ukiwa na kibali. Mimi orodha za namna hiyo naziheshimu, ni chakula changu cha kila siku. Nikaanza kumsomea, namgeuzia Kiswahili.

"Hawataki silaha."

Shangazi akachungulia mkobani. "Kisu cha udi je?"

"Hicho hata nyanya hakikati. Tuendelee. Hawataki tumbaku na vitu vya kuvuta."

"Udi hauvutwi. Unajifukiza, unakaa."

"Sijui kama hilo wanalijua. Hawataki dawa zisizothibitishwa."

Akatoa mizizi, akaiweka kando juu ya mkeka.

"Hawataki ramli, uganga na mambo ya mizimu."

Akamtoa mwana hiti, akamtazama usoni kama anayemwomba radhi, akamlaza juu ya mizizi. Kisha akanigeukia, na safari hii hakuwa anatania. "Uganga? Mimi naswali swala tano, we mtoto. Mimi nimewahi kumpigia nani ramli?"

"Hawajakutaja wewe, shangazi. Ni orodha ya dunia nzima."

"Basi na iende kwa dunia nzima huko. Soma."

"Hawataki kamari. Hawataki wanyama hai. Hawataki upatu wala mchezo wowote wa kuchangiana hela kwa zamu."

Shangazi ni kijumbe wa mchezo wa akina mama wa mtaa wake. Yeye ndiye anayekusanya na kumkabidhi mwenye zamu, na hata wale wa Muscat wamo. Akasogeza kopo la mchezo nyuma ya mgongo wake, taratibu, kana kwamba simu inamwona.

"Na la mwisho," nikasema, na hapa nilitafuta maneno. "Hawataki mambo ya wakubwa."

"Wakubwa gani? Wa serikali?"

"Ya chumbani, shangazi."

Alicheka. Alicheka mpaka khanga ikamdondoka kichwani, akajishika mbavu, kuku wakakimbia. "Sasa hao walioandika hiyo orodha," akasema, anafuta machozi, "wao walizaliwaje?"

Juu ya mkeka palikuwa na rundo. Mkobani palibaki liwa na kitana.

"Kwani wanachokubali ni nini?"

"Fulana," nikasema. "Vikombe. Vitabu. Masomo ya kompyuta."

"Fulana." Alilitamka neno hilo kama mtu aliyekuta nywele kwenye wali.

Basi mimi, kwa akili zangu za masijala, nikatafuta kisanduku kinachotufaa. Palikuwa na kimoja kimeandikwa mapambo na zawadi. Shanga ni mapambo, sivyo? Udi ni zawadi, sivyo? Nikaweka alama. Nasaha za simu nikaziandika kama huduma kwa wateja. Wakauliza mmiliki wa biashara ni nani, awe na simu ya kisasa na barua pepe. Shangazi ana kitochi, betri imefungwa na mpira.

"Andika lako," akasema.

Alilisema haraka. Alilisema haraka mno, nikikumbuka sasa. Lakini mimi wakati huo nilikuwa nahangaika na bando, nikaandika langu.

Wiki za mwanzo zilikuwa raha tupu. Simu ya shangazi haikupoa. Akina dada wa huko mbali walinunua udi mpaka ukaisha, shangazi akawa anachanganya mwingine, anapika sukari na manukato, nyumba nzima inanukia mpaka barabarani. Aliniimbia kwenye simu. Nami nilikuwa naenda posta na vifurushi saa ya chakula cha mchana, najiona mfanyabiashara.

Shida ilikuwa kwenye desturi yake moja. Shangazi hali malipo yote. Mtu akimlipa, yeye huchukua kidogo akamrudishia kiganjani, asiondoke mkono mtupu. Amefanya hivyo maisha yake yote. Mimi nikamweleza kwamba kwenye mtandao hakuna kiganja.

"Hakuna namna ya kurudisha?"

"Ipo, lakini—"

"Basi rudisha."

Nikawa narudisha. Kila malipo yakiingia, narudisha kidogo. Na wale akina dada, kwa kuwa wana adabu zao, wakirudishiwa wanaona aibu, wanatuma tena. Namrudishia tena. Pesa ikawa inapita Kisarawe na Ulaya, Ulaya na Kisarawe, inasalimiana njiani. Kompyuta ya watu ikitazama mambo hayo unadhani itafikiri nini?

Halafu kulikuwa na sehemu ya mteja kuandika neno. Hilo sikulijua. Mmoja aliandika: "Asante somo, siku hizi anarudi mapema na simu anaizima mwenyewe." Mwingine: "Ule mzizi umefanya kazi, mama mkwe ameniita mwanangu." Mwingine akaweka na hela ya mchezo humohumo: "Hii ni zamu yangu, kijumbe, ile ya juu ni ya shanga za kiunoni, usichanganye."

Mapambo na zawadi.

Ndipo ukaja ule ujumbe wa jioni, ugali ukapoa. Akaunti imesimamishwa, na tufafanue kwa maandishi huduma iliyotolewa kwa kila malipo. Nilimpigia shangazi kumweleza, nikitegemea atacheka kama siku ile. Hakucheka.

"Wamesema mimi ni mganga?" akauliza.

"Hawajasema hivyo. Wamesema aina ya biashara."

"Aina yangu ni ipi? Mimi nimewalea wanawake wa wilaya nzima hii. Wako wapi hao? Ofisi yao iko wapi? Nitakodi gari niwafuate, nikabishe hodi, waniambie mbele yangu."

"Hawana ofisi, shangazi. Wako kwenye mtandao."

"Mtu hana mlango halafu anakufungia wewe mlango!"

Sauti yake ilikuwa imepungua, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Usiku ule sikugombana na mtu. Niliosha vyombo kimya kimya mpaka mume wangu akaogopa, akaja akaniuliza kama naumwa.

Nilianza kuwaandikia. Ilijibu mashine. Nikaandika kwa upole, ikanishukuru kwa uvumilivu wangu, wakati mimi sina. Nikaandika kwa ukali, ikanishukuru vilevile. Nikaandika herufi kubwa tupu, ikaniuliza kama imenisaidia. Mume wangu akanishauri niandike kama ninavyowaandikia watu wa masijala, kwa kumbukumbu namba na "Yah:" ya kichwa cha barua. Nikafanya hivyo, na Mungu shahidi, ikafanya kazi. Wakajibu kwamba mhakiki atafanya mahojiano ya video na mmiliki, palepale mahali pa biashara, aone bidhaa.

Tatizo la mahali pa biashara ni kwamba mtandao nyumbani kwa shangazi unakaa sehemu moja tu, penye kona ya banda la kuku. Ukisogea hatua kuelekea nyumbani unapotea. Ukisogea upande wa pili ni choo. Basi siku ya mahojiano nikaomba ruhusa kazini nusu siku, nikavaa suti yangu ya kitenge, nikasimama bandani, simu nimeiegemeza kwenye matofali. Shangazi akakaa kigodani, nje ya picha, amejitanda, ametulia tuli. Utulivu wake ungenishtua kama ningekuwa na akili.

Akatokea dada mmoja, kijana, miwani, ukuta mweupe nyuma yake. Kiswahili chake kilikuwa kimenyooka, kila neno limepigwa pasi. Nikajua huyu yuko mbali, huko makao makuu.

"Habari ya asubuhi. Wewe ndiye mmiliki wa biashara?"

"Ndiyo."

"Naomba nione mahali pa biashara."

Nikageuza simu. Jogoo akatazama moja kwa moja kwenye kamera.

"Mnauza wanyama hai?"

"Hao ni wa kula wenyewe!"

Akaandika. Mimi mtu akiandika bila kuniambia anaandika nini huwa napandwa, kwa sababu najua, na mimi hufanya hivyohivyo dirishani. Akauliza kuhusu marejesho ya pesa. Nikaeleza habari ya kiganja. Akaandika. Akauliza mama mkwe na mzizi. Nikasema ni chai. Akaandika kwa muda mrefu. Akauliza, huku ameshusha macho kidogo, huduma kwa wateja ni huduma gani hasa.

"Nasaha," nikasema.

"Nasaha za nini?"

"Za nyumba."

"Mimi naona," akasema kwa adabu, "kama wewe si mmiliki. Unajibu kama karani. Kwa mujibu wa masharti yetu, mtu akisajili biashara isiyo yake, tunaifunga bila kusikiliza zaidi."

Karani! Jamani, ni kweli mimi ni karani, lakini kuna namna ya kulisema neno hilo. Damu ikanipanda. Na wakati huohuo nikahisi kitu kinanigusa mguuni. Ni shangazi, ameusukuma mkoba mpaka miguuni kwangu, mdomo wake wazi, udi na shanga na mwana hiti vyote vinaonekana.

"Bidhaa ni hizi," nikafoka, nikauinua mbele ya kamera.

"Na huo mkoba ni wa nani?"

"Ni wangu!"

"Una uhakika? Maana kuna mama mmoja wateja wanamtaja..."

"Nimesema mkoba ni wangu! Mkoba ni wangu mimi! Andika basi, si unapenda kuandika? Mkoba ni wangu!"

Nyuma yangu kikapasuka kigelegele.

Sijawahi kusikia kigelegele kama kile. Kuku walitawanyika. Jirani wa upande wa pili naye akaitikia, bila kujua cha nini, kama kawaida ya watu wa Kisarawe. Shangazi alikuwa amesimama, na magoti yake yale, ameshika khanga kwa mikono miwili, machozi yanamtiririka, na anapiga kigelegele mpaka pumzi inakata anaanza upya.

Nikausikia mwenyewe, sasa, ule mdomo wangu. Mkoba wazi. Mwanamke asiye wa ukoo. Kwa kinywa changu.

"Shangazi," nikasema. "Shangazi, hii haihesabiki. Huyu yuko kwenye simu!"

"Ni mwanamke?" akauliza.

"Ni mwanamke, lakini—"

"Ni wa ukoo wetu?"

"Shangazi!"

"Alikusikia?" Akasogea mwenyewe mbele ya simu, akatia uso wake mzima kwenye kioo. "We binti, umemsikia alivyosema?"

"Shikamoo bibi," yule dada akasema, amechanganyikiwa. "Nimemsikia. Tena tunarekodi."

"Wanarekodi!" Shangazi akaniambia, na kigelegele kikaanza tena.

Nilikaa chini palepale bandani, na suti yangu. Nimchukie, nimpende, sijui. Nilitaka kulia na nilitaka kucheka, na vyote vikatoka pamoja, vibaya. Yule dada akasubiri. Akasema mahojiano yamekwisha na uamuzi utatumwa. Halafu hakukata. Akatazama nyuma yake, akasogea karibu na kamera, akashusha sauti.

"Samahani," akasema. "Nje ya kazi. Huyo bibi anapatikana Kisarawe sehemu gani hasa?"

Uamuzi ulikuja baada ya siku chache. Wametukataa kabisa, milele, na sababu wamezipanga vizuri: tiba zisizothibitishwa, mambo ya wakubwa, mizimu, mchezo wa kuchangiana, na hatari ya wanyama hai. Kila kisanduku tumo. Hela iliyobaki wakairudisha kwa wateja, na wateja wakampigia shangazi wakilalamika kwa nini wamerudishiwa nyingi hivyo. Nilikwenda Kisarawe kumweleza, nimejiandaa kwa kilio.

"Wamekataa akaunti," akasema. "Mkoba wameukataa?"

"Mkoba si kazi yao."

"Basi." Akaendelea kuchambua mchele.

Nikamuuliza tutaishije. Akasema wale wa mbali watatafuta ndugu wa kumletea, kama watu walivyofanya siku zote. Mimi nikanuna safari nzima ya kurudi.

Jumamosi moja baadaye akaniita nije mapema. Nikamkuta amekaa kwenye mkeka, amepumzisha mgongo ukutani, na mkoba hauko kwake. Umewekwa upande wa pili, mbele ya kigoda kitupu. Barazani alikuwa amekaa dada mwenye miwani, kipochi mapajani, ameshika khanga mpya bado ina gundi. Nilimtambua kwa Kiswahili kile. Kumbe si makao makuu wala nini. Anakaa Mbezi, chumba cha kupanga, nauli moja tu kutoka kwangu. Ukuta mweupe nyuma yake ulikuwa shuka. Anaolewa mwezi ujao, mama yake hayupo duniani, na hana shangazi.

"Nilimwomba bibi," akaniambia. "Akasema yeye si mwenye mkoba."

Nilimtazama shangazi. Shangazi alikuwa anatazama dari.

Sasa ningefanyaje? Nikavua viatu, nikakaa kwenye kigoda. Nikatoa liwa, nikaanza kusaga. Nikamfukiza udi, nikamfukiza vibaya, tukakohoa wote wawili. Kila nilipokosea nilisikia shangazi akiguna kidogo. Mchana ukasogea. Yule dada akaanza kuongea, kwanza habari ya kazi yake, jinsi anavyokaa siku nzima akiwakataa watu asiowaona. Nikamwambia na mimi vilevile, ila wangu nawaona. Tukacheka. Kisha akauliza, ameinama, "Akininunia je? Nyumbani kwetu hakukuwa na baba. Sijui mwanaume akinuna mtu anafanya nini."

Jibu langu lilikuwa mdomoni tayari, lile la siku zote. Nikalimeza. Nilimtazama yule mtoto wa watu, mabega yamelowa liwa, hana mama, amepanda gari kuja kumuuliza mtu aliyemfokea kwenye simu.

"Mwache apumue," nikasema. "Mpe maji. Ukishaona ametulia, muulize, kisha umsikilize mpaka mwisho. Na asipokuambia, uje kwangu."

Sijui maneno hayo yalitoka wapi. Huenda niliyasikia utotoni, nikiwa nimelala kwenye mkeka uleule, wakati shangazi akimfunda mtu mwingine.

Jua lilipoinama akavaa, akafungua kipochi, akaniwekea noti kiganjani na kuvikunja vidole vyangu juu yake. Mkono wangu ukafunguka wenyewe. Ukachomoa moja, ukamrudishia.

"Hii ya nini?" akauliza.

"Usiondoke mkono mtupu."

Akaitazama ile noti, akaanza kutabasamu. "Mngejua mlivyotusumbua na hizi," akasema, akaitia kifuani.

Nilimsindikiza mpaka njiani, akapanda bodaboda, nikarudi ndani natafuta maneno. Nilikuwa nimeyapanga makali. Nilitaka kumuuliza shangazi ni nani aliyemruhusu kunitegea mtego kwenye banda la kuku, mimi mtu mzima, mtumishi wa umma.

Alikuwa amelala kwenye mkeka, mbali na mkoba, anakoroma, mikono yote miwili ameiweka chini ya shavu.